Kiti, Mteja na Mtazamaji: Uganga wa Pepo Mbele ya Televisheni katika Buguruni

Yamesemwa maneno mengi juu ya televisheni na imani za watu wa mjini, na mengi katika hayo hayakuchunguzwa. Wako wasemao kwamba televisheni imewarudisha watu katika ushirikina uliokuwa umeanza kusahauliwa. Wako na wasemao kinyume chake, kwamba imewafumbua macho, kwa kuwa udanganyifu wa mganga huonekana upesi zaidi mbele ya kamera kuliko gizani. Madai haya mawili yana kosa lililo sawa: yote huchukulia kwamba kilichobadilika ni kiasi cha imani, yaani kwamba waaminio wamezidi au wamepungua. Uchunguzi wa taasisi ya Pew ya Marekani, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba katika kila Watanzania 100 walioulizwa, 93 walikiri kuamini kuwa uchawi upo. Uchawi si uganga wa pepo, na mganga aijuaye kazi yake hukasirika akichanganyiwa mambo hayo. Walakini hesabu hiyo yatosha kuonyesha kwamba televisheni haikukuta chombo kitupu cha kujazwa. Hawakubaki wengi wa kuaminishwa.

Basi swali lenye faida ni jingine. Je, hamu ya watu juu ya pepo imekuwa hamu ya namna gani tangu pepo alipoanza kuonekana katika kioo? Jibu linalotolewa hapa ni kwamba mahali pa mtu ndipo palipobadilika. Yule aliyekuwa ndani ya shughuli, akidaiwa na akidai, amewekwa nje yake ili atazame na kuhukumu. Ushahidi wa mabadiliko hayo umo katika mpango wa vipindi vyenyewe, na umo pia katika maneno ya Kiswahili ambayo watu hutumia kila siku bila kuyafikiri.

Buguruni ni mahali pafaapo kwa uchunguzi wa namna hii. Pamekaa penye njia panda ya barabara ya Uhuru na barabara ya Mandela, si mbali na soko la Kariakoo, na huko Kariakoo ndiko zitokako dawa za miti, ubani, udi, vitambaa vyekundu na vyeupe, na baadaye kanda na sahani za sinema. Wazaramo na watu wa Rufiji wamekaa huko tangu zamani. Leo hapana mkoa usio na mtu wake Malapa, Madenge au kwa Mnyamani. Nyumba nyingi ni zile za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma, na kila chumba na mpangaji wake. Katika nyumba kama hiyo ngoma ya pepo haiwezi kuwa siri, wala televisheni haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1973, lakini Bara ilingoja mpaka 1994, zilipofunguliwa stesheni za watu binafsi. Ile ya taifa ikafuata baadaye. Watu wa Buguruni waliitazama kwanza mgahawani, barazani kwa jirani, na katika vile vibanda vya sinema ambavyo vijana waliviita vibanda umiza, kwa ajili ya mabenchi yake. Kwa hiyo mambo haya mawili, ngoma na kioo, yalikutana katika ua mmoja, na watu wale wale waliyajua yote mawili.

Yafaa kwanza kueleza ngoma, maana wengi wa waandikao juu yake siku hizi wameijua kwa njia ya televisheni, na hilo ni sehemu ya tatizo lenyewe. Mtu aliyeshikwa na pepo huitwa kiti. Neno hili laeleza mengi: mtu ni mahali pa kukalia, na akaaye ni mwingine. Pepo hupanda kichwani, naye kiti hupagawa, neno ambalo asili yake ni kubebeshwa mzigo begani kama mpagazi abebavyo. Mganga hupunga pepo, kama mtu apungaye hewa kwa kipepeo, wala si ajabu, kwa sababu pepo na upepo ni shina moja. Katika Wazaramo iko ngoma ya madogoli. Unguja na Pemba ziko za kibuki, za ruhani, na nyinginezo zenye asili za mbali. Hans Koritschoner, aliyejulikana baadaye kwa jina la Cory, aliandika juu ya ngoma ya shetani katika Tanganyika mwaka 1936, na Marja-Liisa Swantz akachapa mwaka 1970 kitabu chake juu ya ibada za Wazaramo wa pwani. Waandishi hao hawakukubaliana katika yote, lakini kwao wote laonekana jambo moja ambalo kwa mwanafunzi wa lugha ndilo kubwa: kiini cha shughuli ni mazungumzo.

Mazungumzo hayo yana mpango wake. Pepo akisha kupanda, huamkiwa. Kisha huulizwa jina lake, na kwao, na kabila lake, maana pepo huwa Mwarabu, Mbuki, Mhabeshi, Mmasai au Mzungu, na kila mmoja hujibu kwa lugha yake au kwa kuigiza sauti ya lugha yake, hata pengine yahitajiwa mkalimani. Halafu huulizwa sababu: kwa nini amemshika huyu? Hapo ndipo nyumba nzima hunyamaza, kwa sababu pepo ana ruhusa ya kusema yale ambayo kiti, akiwa mke au binti au mkwe, hawezi kuyasema. Atasema kwamba mume ameahidi akavunja ahadi, kwamba nguo hazikununuliwa, kwamba mama mkwe ameyasema maneno fulani siku fulani. Baada ya sababu huja madai: pete ya fedha, kitambaa, mbuzi, sahani ya halua, ngoma ya siku tatu. Kisha hufuata kupatana. Jamaa hupunguza, pepo hukataa, mganga huingia kati, mpaka yapatikane makubaliano ambayo wote waliohudhuria wameyasikia. Kwa kawaida pepo haondoki kabisa. Amepatiwa mahali na heshima yake, naye ameahidi kumwacha kiti wake afanye kazi na kulala usingizi. Kiti mwenyewe, atakapozinduka, hajui aliyoyasema. Yawapasa wengine kumwambia.

Mtu aliyekwisha kupita katika hayo aliitwa mteja. Neno hili yafaa kulikazia macho. Katika Kiswahili cha waganga mteja alikuwa ni yule aliye chini ya mganga, hasa aliyetibiwa pepo, na tangu siku hiyo alikuwa wa chama. Ngoma ya mwenziwe ikipigwa, ilimpasa kwenda, kuimba na kuitikia, kuchangia na kupika. Alikuwa na wajibu ambao hakuweza kuuacha kwa kulipa fedha, na alikuwa na haki, kwani naye akiugua tena wenziwe walimjia. Leo neno lilo hilo ni la dukani, la benki na la simu. Mteja ni mnunuzi. Hulipa akaondoka, na akiona bei si nzuri huenda duka la pili. Haifai kusema kwamba televisheni ndiyo iliyoligeuza neno hili, kwa sababu biashara na sheria zilikuwa zimelivuta upande huo tangu zamani. Lakini televisheni ililikuta limekwisha kugeuka, na uganga ulipoingia kiooni uliingia kwa maana ile mpya.

Wa kwanza kuupata umaarufu wa kweli wa redio na televisheni katika mambo haya alikuwa Sheikh Yahya Hussein wa Magomeni, aliyefariki Mei 2011. Kwa miaka mingi utabiri wake wa nyota ulisikilizwa na kutazamwa katika Afrika ya Mashariki, na hapana mtaa wa Dar es Salaam ambapo jina lake lilihitaji kuelezwa. Lakini Sheikh Yahya hakuwa kiti. Alikuwa mnajimu, mtu wa falaki, na falaki ni elimu ya kitabu na hesabu: herufi zina thamani zake, nyota zina nyumba zake, na mwenye kuijua husema kwa sauti yake mwenyewe, akiwa na akili zake timamu. Ndiyo maana televisheni ilimpenda. Mnajimu aweza kukaa kitini (kwa maana ya kawaida ya neno hilo), akatazama kamera, akaulizwa swali akalijibu, na juma lijalo akarudi kuyatetea aliyoyasema. Kiti wa pepo hawezi hata moja katika hayo. Hana habari ya maneno yake, hawezi kuja kwa saa iliyopangwa, na pepo wake huenda akakaa kimya usiku kucha mpaka ngoma yake ipigwe kwa mdundo autakao. Televisheni yahitaji mtu mwenye uso na jina. Ngoma yahitaji mtu aliyeacha uso wake na jina lake. Kwa hiyo tangu mwanzo kioo kilichagua, na kikamweka mbele yule ambaye katika ngoma hakuwamo.

Uchaguzi huo ulileta mchanganyiko. Kabla ya uchaguzi mkuu wa mwaka 2010 Sheikh Yahya alitabiri kwamba mwanachama wa CCM atakayejaribu kushindana na Rais Kikwete ndani ya chama atakufa ghafula. Na baada ya Rais kuanguka jukwaani pale Jangwani, Agosti mwaka huo, alitangaza kwamba atampa ulinzi wa majini. Tangazo la kwanza ni la mnajimu. La pili ni la mwenye majini. Kwa watu wa fani hizo mbili tofauti ni kubwa, kama ilivyo tofauti ya kadhi na mwimbaji wa kasida. Lakini kwa mtazamaji wa Buguruni yalikuwa maneno ya mtu mmoja katika chombo kimoja, na yalizungumzwa barazani kwa namna moja: je, ni kweli au uwongo? Tangu hapo maneno mnajimu, mtabiri, mganga na mtaalamu yamekuwa yakibadilishana mahali katika matangazo kana kwamba maana yake ni moja.

Swali hilo la kweli au uwongo ndilo jambo geni lililoletwa, kuliko habari zozote za pepo. Wala si kwamba watu wa zamani hawakuwa na shaka. Mohamed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapwa mwaka 1960, alimleta Bwana Msa aichunguze habari ya mzimu kama mtu achunguzaye hesabu, na wasomaji waliifurahia akili yake. Lakini Bwana Msa ni mpelelezi, na shaka ndiyo kazi yake. Katika ngoma swali la namna hiyo halikuwa na nafasi. Aliyehudhuria aliulizwa kama ataitikia wimbo, kama atachangia mchele, kama mume atanunua ile pete. Mtu aliweza kushuku moyoni kwamba mwanamke yule anajifanya, na bado akaitikia, kwa sababu ugonjwa ulikuwa wa kweli na madai yalikuwa ya kweli, hata kama pepo hakuwa wa kweli. Mtazamaji hana lolote la kuitikia. Hukumu ndiyo kazi pekee aliyoachiwa, naye huifanya kwa bidii. Ndiyo maana hamu imeonekana kuzidi. Watu husema juu ya pepo zaidi kuliko zamani, na baraza nzima yaweza kugombana usiku kucha juu ya mganga ambaye hapana hata mmoja aliyewahi kuketi mbele yake.

Uingereza jambo hili lilipita njia nyingine, nayo yasaidia kuonyesha kilicho cha hapa. Mizimu ya Wazungu wanaoita roho, tangu wale mabinti wa Fox wa jimbo la New York mwaka 1848, ni wafu wanaojulikana: baba, mume, mtoto aliyekufa vitani. Aendaye kwa mwita roho ataka kusikia sauti aipendayo, na jambo ambalo mfu peke yake angelijua ndilo uthibitisho. Kwa hiyo swali la kweli au uwongo lilikuwamo tangu mwanzo, hata Bunge la Uingereza likatunga mwaka 1951 sheria juu ya waita roho wadanganyifu. Televisheni ilipowachukua watu hao haikuwabadilisha sana, maana walikuwa wamezoea majukwaa na tikiti. Pepo wa pwani si babu wa mtu. Ni mgeni, mara nyingi wa kabila jingine na dini nyingine, na hakuja kuthibitisha kitu, amekuja kudai. Kumwuliza hati zake ni kumkosea adabu, na ndivyo televisheni ifanyavyo.

Sinema za Dar es Salaam zilijaribu njia yao. Baada ya sinema za Nigeria kujaa katika maduka ya Kariakoo, Mussa Banzi alitoa Nsyuka mwaka 2003 na Shumileta mwaka 2005, na zote mbili zilipendwa sana vibandani. Mhakiki asiwe mwepesi wa kuzidharau. Zilitengenezwa kwa fedha kidogo, kwa Kiswahili, na mambo yanayotisha ndani yake ni ya watu wa hapa, si ya ngome za Ulaya. Hata hivyo kuna upungufu ambao haukutokana na fedha. Shumileta ni jini mwanamke ambaye ana mwili wake mwenyewe. Hapandi kichwa cha mtu. Huja kwa miguu, na hila za kamera humfanya atoweke. Sinema yapenda jini wa namna hiyo kwa sababu anaonekana, na kiti, ambaye kwa macho ni mwanamke wa kawaida aliyebadilika sauti tu, hafai kwa kuogofya. Lakini palipo na jini asiye na kiti hapana mazungumzo, na pasipo na mazungumzo hapana mapatano. Kinachobaki ni kupigana, na mapigano hayo humalizwa na mwenye nguvu zaidi, awe mganga au mchungaji. Ebrahim Hussein aliona mbali zaidi katika Mashetani, mwaka 1971, maana kwake shetani alikuwa kwanza msemaji, na mchezo wenyewe ulikuwa juu ya nani anasema kwa kinywa cha nani.

Sauti ya kiti ilirudi katika televisheni kwa mlango usiotazamiwa, nao ni maombezi ya makanisa ya uamsho. Wengi Buguruni waliyaona kwanza katika Emmanuel TV ya T. B. Joshua wa Lagos, aliyefariki mwaka 2021, ambayo ilikuja kwa setilaiti na kwa Kiingereza ambacho wengi wa watazamaji hawakukielewa. Kisha katika vipindi vya makanisa ya Dar es Salaam yenyewe. Hapa pepo husema. Mwombaji humwekea mgonjwa kipaza sauti mdomoni na kumwuliza: u nani, umeingia lini, umeingiaje, nani amekutuma? Aliyekulia katika sauti za ngoma hulitambua jambo hili mara moja. Ni mazungumzo yale yale ya pepo, na mpango wake ni ule ule mpaka kufikia sababu. Wahubiri hawapendi kuambiwa hivyo, na kwa upande wa itikadi wana haki, kwani wao wanafukuza na mganga anapatanisha. Lakini kwa upande wa lugha ujamaa wao hauna shaka. Waislamu nao wana kisomo chao, ambacho mpango wake wa maswali hauko mbali na huo, na kanda zake zimeuzwa Kariakoo pamoja na nyingine.

Tofauti iko mwishoni, nayo ni kubwa. Madai yameondolewa. Pepo akisha kujitaja huamriwa kutoka, naye hutoka, mgonjwa huanguka, watu hushangilia, na kipindi huendelea na mwingine. Hapana pete, hapana kitambaa, hapana mume aliyeitwa mbele ya jamaa kujibu ahadi yake. Yale ambayo mwanamke yule hakuweza kuyasema kwa kinywa chake yanaweza kubaki bila kusemwa. Hata kabila la pepo limepotea: aghalabu husema Kiswahili cha kawaida, bila mkalimani, na mara nyingi hata jina lake halitiliwi maanani. Lugha imelifuata jambo hilo. Zamani umoja na wingi ulikuwa pepo, na kila mmoja alikuwa na jina na ngoma yake. Mahubiri yameeneza mapepo, na kiambishi ma- kimeleta ndani yake wazo la kundi kubwa lisilo na sura. Mtu haambiwi ana Mbuki au ana ruhani. Ana mapepo, kama mtu mwenye chawa.

Na mahali pa madai pamejazwa na kitu cha hatari, yaani swali la nani aliyekutuma. Katika ngoma pepo aghalabu alijileta mwenyewe, kwa kupenda au kwa kukasirishwa, na lawama iliangukia ahadi iliyovunjwa, ambayo yaweza kutengenezwa kwa mbuzi mmoja. Pepo wa kipaza sauti mara nyingi husema ametumwa, na aliyemtuma ni shangazi, mke mwenza au jirani. Aliyetajwa hayupo pale. Hawezi kujibu. Watu wasiomjua wamekwisha kusikia, na wale wanaomjua wamekaa naye nyumba moja, wakitumia ua mmoja na choo kimoja. Sheria ya uchawi ya mwaka 1928, iliyorithiwa kutoka utawala wa Waingereza, hukataza kumtaja mtu kuwa mchawi, na waliotunga sheria hiyo, pamoja na kutoelewa kwao mengi, walilielewa jambo hili moja. Mganga wa mtaani aliyetaja jina alijua kwamba kesho yake ndugu za aliyetajwa watakuja mlangoni pake. Woga huo ulimfunza kusema kwa mafumbo. Kamera haina mlango wa kugongwa.

Liko tukio moja ambalo laonekana kupinga haya yote, nalo haifai kulificha. Mwaka 2011 Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri aliyeishi Samunge katika Loliondo, alikuwa akiwapa watu kikombe cha dawa kwa shilingi 500, akisema Mungu alimwonyesha dawa hiyo. Magazeti na televisheni yakatangaza, na katika muda mfupi msururu wa magari kuelekea huko ukawa wa kilomita nyingi. Wagonjwa walitoka kila upande wa nchi na nje yake. Wengine walifia njiani. Hapa televisheni iliwatoa watu majumbani ikawapeleka wenyewe. Lakini ikiangaliwa vizuri, kilichoonyeshwa kilikuwa ni msururu. Kila picha ya magari ilikuwa sababu ya magari mengine. Na kikombe chenyewe kilifanana sana na yale yaliyokwisha kuelezwa: hakikuuliza jina wala sababu, kila mtu alikunywa kipimo kile kile, akageuza gari. Babu, kama alivyoitwa na nchi nzima, hakuwa na wateja kwa maana ya zamani. Alikuwa na wateja kwa maana ya leo, na kwa bei ambayo hakuna mfanyabiashara angeweza kuishusha. Baada ya miezi michache msururu ulikwisha, na waliokunywa hawakuunda chama chochote. Hapana ngoma ya kikombe. Yeye alifariki Julai 2021.

Maneno mengine yamesafiri mbali zaidi, na katika hayo mtazamaji ameonyesha kwamba hakusahau kabisa alikotoka. Mzuka alikuwa kiumbe kitokeacho usiku. Kwa kijana wa leo mzuka ni ile raha impandayo mtu muziki ukimwingia, na ni salamu pia. Kupagawa, katika magazeti ya burudani, ni jambo lifanywalo na mashabiki mbele ya mwimbaji. Kiti nacho kilipata kazi televisheni, maana miaka ya 1990 kulikuwa na kipindi cha mahojiano kilichoitwa Kiti Moto, ambamo mkubwa fulani aliketi akaulizwa maswali makali. Jina hilo mitaani ni la nyama ya nguruwe, na huko halikuhitaji msaada wa televisheni kuenea. Yaweza kusemwa kwamba maneno haya yamepungukiwa. Lakini lazima ikumbukwe kwamba mambo ambayo ngoma iliyafanya pamoja, yaani kuponya, kudai, kucheza na kushirikiana, yamegawanywa, na muziki umechukua fungu lake. Kijana apagawaye katika tamasha anacheza na wenzake, naye anaitikia. Katika jambo hilo yuko karibu na ngoma kuliko mama yake aliyeketi mbele ya kioo akiyatazama maombezi.

Mwishoni mwa mwaka 2015 Wizara ya Afya ilipiga marufuku matangazo ya waganga wa jadi katika vyombo vya habari, na mwanzoni mwa mwaka huo huo serikali ilikuwa imewapiga marufuku waganga wasiosajiliwa, baada ya mauaji ya watu wenye ulemavu wa ngozi. Ilikuwako tayari sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002, ambayo yataka mganga aandikishwe. Amri hizi zilikuwa na sababu nzito, na mwenye kuzipinga na atazame kwanza makaburi. Ila hazikugusa mpango wenyewe wa mambo. Zilihusu mganga atangazaye dawa. Hazikuhusu pepo aulizwaye jina la jirani. Na matangazo yalihama tu. Katika Buguruni yamo leo juu ya nguzo za umeme na kuta za vituo vya basi, yameandikwa kwa rangi kwenye vibati vidogo: mganga kutoka Tanga, kutoka Sumbawanga, kutoka Nigeria, mvuto wa biashara, kurudisha mpenzi, nyota, na namba ya simu.

Vibati hivi vinastahili kusomwa kama maandishi mengine yoyote. Havina kitenzi hata kimoja cha kupunga, kupanda au kuitikia. Havitaji pepo, havitaji ngoma, wala nyumba ya mganga ilipo. Karibu vyote ni nomino, vimepangwa kama orodha ya bei ya duka, na asomaye aweza kuchagua moja akaacha nyingine. Wanawake wazee wa Malapa wanaokumbuka madogoli wanapita chini yake kila asubuhi wakienda sokoni. Wachache wao wangali wanajua nyimbo zote na mpango wa kuzifuatanisha, na kila pepo aulizwe kwa lugha gani. Kazi ya kuyaandika hayo haijafanywa kwa upande wa Buguruni, ingawa vijiji vya Wazaramo wa pwani viliandikwa vizuri zaidi ya miaka hamsini iliyopita.